Thamani Iliyopotea ya Gari Jeupe

Lori la saruji lilirudi nyuma polepole, kama mtu anayetafuta kiti gizani, kisha likakaa juu ya gari jeupe la Thacienne. Mteremko wa Rusizi II, kwenye mpaka wa Rwanda na Kongo, ulikuwa umejaa watu asubuhi ile ya mwaka 2007, wachuuzi, wabeba mizigo na maofisa wa forodha, na wote walitazama sehemu ya nyuma ya gari ikikunjwa. Sambaza wakavu, samaki wadogo wa ziwani, waliokuwa ndani wakamwagika barabarani. Thacienne alikuwa amesimama kando na risiti ya ushuru mkononi. Aliweka mikono yote miwili kichwani na kumwita Mungu kwa Kinyarwanda, kwa sauti ndogo mno, "Mana we."

Ili mshtuko wake ueleweke, inafaa ijulikane gari lile lilikuwa nini kwake.

Thacienne, ambaye watu wote humwita Maman Tuyishime kwa jina la mwanawe wa kwanza, alizaliwa Bukavu, upande wa Kongo, katika mtaa wa Kadutu, kwa wazazi waliokimbia kutoka Rwimbogo, nchini Rwanda, wakiwa na mkeka na sufuria. Alirudi Rwanda, katika mji wa mpakani wa Kamembe, mwishoni mwa mwaka 1994 pamoja na mumewe, watoto na mama yake, Mukabera. Mume alifariki mapema kwa maradhi ya ini. Mjane huyo akaanza kuvusha unga na chumvi kwenda Bukavu na kurudi na sambaza, kwanza kichwani, kisha, kuanzia mwaka 2001, kwa gari.

Gari hilo, Toyota Corolla nyeupe, aliuziwa na Mirindi, mfanyabiashara wa magari wa Kadutu na mume wa Nsimire, rafiki yake tangu utoto. Thacienne na Nsimire walipata kipaimara siku moja, wamevaa magauni yaliyokatwa kutoka kitambaa kimoja. Bei aliyotajiwa ilikuwa chini sana kuliko bei za wakati ule. Hakufungua boneti. Hakuleta fundi. Miongoni mwa watu waliosali katika jumuiya moja ya mtaa, kumletea mwenzako fundi akague kitu anachokuuzia ni sawa na kumwita mwizi mbele ya mke wake. Thacienne alipokea ufunguo kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo kila aliyepanda gari lile alisikia sifa za Mirindi. "Hii iko gari ya upendo," alikuwa akisema.

Mwaka 2004, mapigano yalipoingia Bukavu na watu wakavuka mto kwa makundi, Mirindi na Nsimire walifika mlangoni kwake na watoto wao. Aliwapa chumba chake, yeye akahamia jikoni na mkeka, hadi hali ilipotulia. Siku ya kuagana Nsimire alimshukuru kwa machozi. Thacienne alijibu kwa neno moja tu: "Gari." Nsimire alicheka kidogo, kama mtu anayecheka lugha asiyoifahamu vizuri.

Sasa mama yake Mukabera alikuwa amezeeka. Maisha yake yote tangu ujana alikuwa amelala katika nyumba za watu wengine, Kadutu na baadaye Kamembe, na kila mwisho wa mwezi alishtuka mlango unapobishwa. Thacienne alikuwa amepata shamba dogo huko Giheke, lenye mahali pa kujenga. Mwenye shamba alikubali kumwekea hadi sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Ili kulilipa, angeuza gari kwa Jules, mchuuzi wa sabuni kutoka Bukavu, aliyekuwa amekwisha kuliendesha, kulipenda na kutaja bei. Bei hiyo na bei ya shamba zilikuwa zimekaribiana kama pacha. Jules alisafiri kwenda Uvira na kuahidi kulipa akirudi. Siku chache baadaye lori lilikaa juu ya gari.

Kosa lilikuwa la dereva wa lori, na shirika lililolikatia lori bima halikubisha. Lililipa gharama zote kwa Munyemana, fundi wa bodi wa Kamembe. Munyemana akanyoosha, akabadilisha, akapaka rangi. Gari lilipotoka kwake, watu walipita kidole juu ya mlango wa nyuma wakitafuta kasoro bila kuiona. Thacienne alipumua.

Kisha Jules akarudi kutoka Uvira. Alilizunguka gari, akainama, akasimama, akalizunguka tena.

"Maman Tuyishime, Munyemana iko fundi. Haki ya Mungu, iko fundi. Lakini sinunue tena kwa ile bei."

"Juu ya nini? Ona rangi. Ona mlango. Iko sawa na zamani."

"Iko muzuri kupita zamani. Njo ile inaniogopesha."

"Jules, usinichekee. Inatembea?"

"Inatembea. Lakini bantu bote ba Rusizi II baliona lori inaikalia. Kesho nikitaka kuiuzisha kwetu, batasema, aa, ni ile yenye ilikaliwaka? Nitajibu nini? Nitakupa theluthi mbili, na ile ni juu ya heshima."

Thacienne alimtazama bila kufumba macho. Lori lilikosea, bima ikalipa, fundi akamaliza kazi yake vizuri, na bado theluthi moja ya shamba la Giheke ilikuwa imetoweka mbele yake mchana kweupe, bila mtu aliyeichukua. Jambo hilo lilimshinda akili. Angeelewa wizi. Angeelewa moto. Hasara isiyoonekana popote, hata kwa kidole, hakuwahi kukutana nayo.

Kesho yake alikwenda kwenye ofisi ya bima. Huko alipokelewa na Kamali, wakala wa shirika hilo mjini Kamembe, kijana nadhifu aliyezoea kumaliza mambo haraka.

"Maman, gari lilivunjika?"

"Lilivunjika."

"Tulilitengeneza?"

"Mulitengeneza."

"Sasa unataka tulivunje tena ili tulitengeneze mara ya pili?"

Watu waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walicheka. Thacienne hakucheka, wala hakukasirika.

"Mwanangu, kabla ya lori nilikuwa na vitu viwili. Nilikuwa na gari, na nilikuwa na bei yake. Gari mumenirudishia, Mungu abariki. Bei iko wapi?"

Kicheko kilikatika. Kamali, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliondoka nyuma ya meza, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe na kusema kwa sauti ya chini kwamba kitu anachokidai kipo na kina jina. Kwa Kifaransa huitwa moins-value, yaani thamani ambayo gari hupoteza sokoni kwa sababu tu liligongwa, hata kama limetengenezwa vizuri. Aliyesababisha ajali anapaswa kuilipa, na bima yake kwa niaba yake. Watu hawaidai kwa kuwa hawajui.

"Lakini utalazimika kuonyesha bei ya kabla na bei ya baada," aliongeza. "Na mtaalamu wetu atakuja kutoka Kigali kulikagua gari lenyewe. Bila yeye, mimi siwezi kitu."

"Aje," alisema Thacienne. "Hata leo."

Jules alikubali kuwa shahidi. "Bei zote mbili zilitoka mu kinywa yangu," alisema. "Nitakuya kuzirudilia."

Siku ya ukaguzi walikusanyika uani nyuma ya ofisi: Kamali, Jules, Munyemana na Thacienne aliyevaa kitenge chake cha Pasaka. Mtaalamu alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye taa ndogo mfukoni. Alianza nyuma, akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akampongeza Munyemana mbele ya wote. Kisha akaomba viti vya mbele vifunguliwe na kutolewa.

"Viti vya mbele?" Thacienne aliuliza. "Lori ilinigonga nyuma, Papa."

"Najua, Maman. Lakini nikitaja thamani ya gari, nataja ya gari zima."

Munyemana alivitoa viti taratibu kuliko ilivyohitajika, akaviweka chini. Mtaalamu alikunja zulia, akakwangua kwa bisibisi lami nyeusi iliyopakwa sakafuni. Chini yake ukaonekana mshono wa kuchomelea, mnene kama kidole, uliokatiza sakafu yote kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Alivuta mpira wa mlango, na mshono ulikuwapo hata kwenye nguzo, unapanda kuelekea paani. Ulikuwa na kutu ya hudhurungi iliyokolea.

"Hili si gari moja," alisema. "Ni magari mawili. Mbele ni la kwanza, nyuma ni la pili. Yalikatwa na kuunganishwa zamani. Kutu hii ni ya miaka mingi, lori halihusiki nayo."

Jules aliondoa mkono wake mlangoni kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Nilitaka kupandisha batoto bangu humu! Ikikatika pa mulima?"

Kamali alikuna shingo. "Maman, pole sana. Bei aliyoitaja Jules ilikuwa ya gari zima, na gari zima halikuwahi kuwepo. Huwezi kupoteza kitu ambacho hukuwa nacho."

Thacienne aliketi kwenye mojawapo ya viti vilivyotolewa, pale pale kwenye mchanga, ameshika magoti, kama abiria wa gari lisilokuwapo. Baada ya muda alimgeukia Munyemana.

"Weye uliona?"

"Niliona, Maman."

"Na ukanyamaza?"

"Nilizani unajua. Mwenye gari anajuaka."

Thacienne alisimama, akakung'uta mchanga. Alikuwa akifikiria mtu mwingine.

Alivuka daraja kwa miguu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka, akapanda hadi Kadutu. Nsimire alimwona kutoka mbali, akapiga vigelegele, akaleta kiti, akaongeza sahani. Mirindi alikuwa akila bugali. Thacienne hakukaa.

"Papa Josiane," alisema, kwa maana ndivyo alivyomwita Mirindi siku zote, kwa jina la binti yake, "ile gari uliniuzishaka, ni gari ngapi?"

Mirindi alitafuna, akameza.

"Mbili," alisema. "Unaniuliza juu ya nini leo?"

Thacienne alikuwa amejiandaa kusikia uongo. Alikuwa ameupangia majibu njia nzima.

"Unasema mbili? Vile tu?"

"Niseme namna gani? Si unajua. Wakati ule askari balikuwa banabeba gari zote zenye kuwa nzima. Zenye zilivunjika tulizikata, tukaunga yenye kupona na yenye kupona. Muji muzima ulikuwa unatembea vile. Nilikupa bei ya gari ya kuunga. Nani angekuuzisha gari nzima kwa ile bei?"

"Weye! Nilisema ni weye, juu ya urafiki!"

Mirindi alisukuma sahani mbele. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Urafiki? Maman Tuyishime, nilikuwa na batoto sita na vita. Ningetoa wapi zawadi ya vile?"

"Sasa juu ya nini haukuniambia?"

"Haukuuliza! Haukufungua hata boneti. Nikasema mu roho yangu, huyu mama anajua, bei imemwambia, ananiheshimu tu, hataki nitaje ile kuunga mbele ya bibi yangu. Nilikushukuru sana siku ile."

Nsimire alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Alisema polepole, kama anayesoma maandishi madogo:

"Ule mwaka tulikimbilia kwako. Nilikuambia aksanti, ukanijibu, Gari. Ni ile? Ulitulaza mu chumba yako sababu ya ile gari?"

Thacienne alitikisa kichwa kukubali.

"Yezu wangu. Basi hatukukupa kitu. Ulitupa bure."

Bugali ilipoa. Kila mmoja wao alikuwa ameishi miaka sita katika hadithi tofauti na ya wenzake, na hadithi zote tatu zilikuwa zimeanguka kwa pamoja mezani. Nsimire alipasuka kicheko ambacho hakikuwa mbali na kilio.

"Ulilala mu jikoni! Na panya! Sababu ya kutu!"

Ndipo Thacienne alipokaa kwenye kiti. Alikula matonge machache bila kuonja. Katikati ya tonge mkono wake ulisimama.

"Papa Josiane, ulisema bei ya gari ya kuunga. Kumbe iko na bei yake."

"Kila kitu iko na bei yake."

"Na gari ya kuunga yenye lori ilikalia, bei inashuka?"

"Inashuka! Nani atapenda ile?"

"Basi nilipoteza. Kidogo, lakini nilipoteza. Utakuya Kamembe kusema vile?"

Mirindi alitazama dirishani. Ombi hilo halikuwa jepesi. Angesimama katika ofisi ya nchi nyingine, mbele ya watu wanaomjua, aseme kwa kinywa chake kwamba alimuuzia mjane gari la vipande viwili na hakutamka neno.

"Batanisema mwizi," alisema. "Sitapata tena mteja hata mumoja ng'ambo ile."

"Papa Josiane," alisema Nsimire. "Mu chumba yake ulilala."

Mirindi alinyanyuka kutafuta koti lake.

Mtaalamu alikuwa bado Kamembe. Mirindi alisimama mbele ya meza ya Kamali, kofia mikononi, akaeleza yote: mwaka, namna ya kukata, namna ya kuunga, bei aliyopokea, na bei ambayo magari ya aina hiyo huuzwa Bukavu hadi leo. Wale wa kwenye benchi walisikiliza. Mmoja alinong'ona, "Kwa mujane, kweli?" Mirindi alisikia, masikio yakamwiva, lakini hakukatiza maelezo yake. Munyemana naye aliulizwa angetoa kiasi gani kwa gari hilo katika hali yake ya sasa, akataja. Mtaalamu alithibitisha kwamba bei hizo ni za kweli, na kwamba tofauti kati yao ililetwa na lori.

"Nimefanya kazi hii muda mrefu," alisema Kamali. "Watu huniletea mashahidi wa kuapa kuwa gari lao lilikuwa zuri. Wewe, Maman, umeleta wa kuapa kuwa lako lilikuwa bovu."

"Nimeleta wa kuapa ukweli," alijibu Thacienne. "Sasa lipa."

Shirika lililipa. Hakikuwa kiasi kikubwa, wala hakikufanana na theluthi aliyoililia mwanzoni. Kuhusu gari lenyewe, Jules hakutaka tena kulisikia. Mtu mmoja kutoka Uvira, asiyejua habari hizo, alitoa bei nono. Thacienne alimkunjia zulia akamwonyesha mshono, na mtu huyo akaondoka bila kuaga. Mwishoni Munyemana akalichukua kwa bei ya vipuri.

Fedha zote zilipowekwa pamoja zilitosha nusu ya shamba. Mwenye shamba alikuwa mtu wa haki, akaligawa kwa kufuata mstari wa mikaratusi na kumpa Thacienne upande ulio karibu na njia. Mukabera alipelekwa kuliona kabla ya sikukuu. Alitembea na fimbo yake kutoka ukingo hadi ukingo.

"Na ile pale ni ya nani?"

"Ni ya mwenyewe, mama."

"Na hii tunayosimama?"

"Ni yako."

Mukabera alifunika mdomo kwa kiganja. Aliuliza tena, akajibiwa tena, na kila mara alishtuka upya, kana kwamba jibu lingeweza kubadilika njiani.

Wiki ile ile Thacienne alipitia gereji ya Munyemana kuchukua rozari aliyokuwa ameisahau kwenye kioo cha gari. Alikuta gari limekwisha kukatwa, pale pale kwenye mshono wa zamani. Nusu ya mbele ilikuwa imepandishwa juu ya pikapu, imefungwa kwa kamba, imeelekea mteremko wa daraja.

"Inaenda wapi?"

"Bukavu, Maman. Kuna muntu iko na nyuma yenye kuwa nzima."

Mikono yake ilipanda kichwani kama asubuhi ya lori.

"Munyemana! Mwenye ataiendesha, bamwambie!"

"Atajua, Maman. Bei itamwambia."

Dereva wa pikapu aliwasha injini. Thacienne alisimama mbele ya pikapu na kuinua kiganja. Kisha akachukua kopo la rangi nyekundu na brashi vilivyokuwa karibu na mlango wa gereji, akapanda nyuma ya pikapu na kitenge chake cha Pasaka, na kuanza kupaka ukingo wa mkato, sakafuni na kwenye nguzo zote mbili, mstari mpana, mzito, unaochuruzika.

"Batapaka rangi ingine juu yake," Munyemana alisema.

"Bapake," alijibu bila kugeuka, huku brashi ikiendelea. "Lakini bapake bakijua."